Nafasi Moja Stanhope

Fomu ile ina safu tano, na safu ya tano madereva wote wa mabasi ya shule mjini Kessler huiacha tupu. Hakuna aliyewaamuru. Dereva mpya akiingia yadi, wenzake humfundisha namna ya kukagua breki wakati wa barafu, kahawa ipi ya mjini inanyweka, na kwamba ile safu ya mwisho haijazwi. Ya kwanza ni jina la mtoto, ya pili anwani, ya tatu kituo, ya nne saa anayopanda. Ya tano inauliza kama dereva ana sababu yoyote ya kudhani kwamba mtoto huyu haishi anakosema anaishi. Madereva hawana sababu. Odessa Pettway aliendesha basi namba 41 kwa miaka kumi na mmoja, na miaka yote hiyo naye hakuwa na sababu.

Mwaka huu alikuwa nayo. Alikaa ndani ya basi tupu, ameacha injini ikinguruma ili apate joto, fomu juu ya usukani na kalamu mkononi. Mstari wa sita ulikuwa wa Kezia Tubbs, darasa la tisa, Shule ya Sekondari ya Stanhope. Anwani: Mtaa wa Linwood. Hiyo ilikuwa nyumba ya shangazi yake, kwenye mitaa ya Stanhope. Kezia mwenyewe alilala kwa mama yake ng'ambo ya reli, na kila asubuhi saa kumi na mbili na robo Odessa alimwona akiruka mataruma na mkoba mgongoni, akikimbilia kituo cha Linwood. Siku nyingine alichelewa, na Odessa alimsubiri nusu dakika ambayo haikuruhusiwa. Mtoto alipanda akihema, akasema, "Asante, Bi Odessa," akaenda kuketi.

Kessler ina shule mbili za sekondari, zote za umma, chini ya bodi moja, kwa kodi ya watu walewale. Ukizisikia hivyo utadhani ni pacha. Lakini Stanhope iko kilimani, na Dorsey iko bondeni, nyuma ya kiwanda cha matairi kilichokufa. Kwenye ule mtandao unaozipa shule maksi, ambao kila mzazi wa Kessler anaujua kama anavyoijua Sala ya Bwana, Stanhope ina tisa kwa kumi. Dorsey ina tatu. Odessa hakuishia kwenye maksi. Mwezi wa Septemba, shule zilipofungua milango kwa wazazi, alimkokota mumewe Royce akaenda naye kuzikagua zote mbili kwa macho. Stanhope waliona maabara yenye gesi na walimu wanne wa hesabu. Dorsey walikuta mwalimu wa hesabu ameacha kazi wiki ya pili, na darasa linashikwa na mwalimu wa michezo anayewaonyesha watoto filamu. Binti yao Jocelyn, mwanafunzi wa darasa hilohilo, aliyekuwa akifanya hesabu za sehemu kwa kujifurahisha tangu ana miaka saba, alikuwa amechora maua kuzunguka jalada zima la daftari lake.

"Mimi nimesoma Dorsey," Royce alisema walipokuwa wakirudi. "Nimekufa?"

"Hujafa. Unawakatia watu nyama dukani tangu una miaka kumi na tisa."

Royce aliwasha redio akatazama barabara. Odessa alitamani kulimeza tena neno lile, lakini neno halirudi lilikotoka. Na ubaya wake ni kwamba aliamini alichokisema.

Kila mtoto husoma shule ya mtaa anaoishi, lakini sheria iliruhusu mtoto wa bondeni kuhamia kilimani kama kuna nafasi. Jocelyn alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri tangu Agosti. Odessa alipiga simu kila Ijumaa, na kila Ijumaa karani alimwambia kwa sauti ya asali kwamba darasa la tisa limejaa, Bi Pettway, mpaka mmoja atoke. Mmoja tu.

Kudanganya anwani hakuweza. Mfanyakazi wa bodi akikamatwa na udanganyifu huo, hana kazi kesho yake. Na zaidi ya hofu, alikuwa na kiburi: wao Pettway hawakuwa watu wa njia za panya. Basi kwa nini aliyefuata sheria akae nje, aliyeiruka awe ndani? Alijiuliza hivyo mara tatu, na mara tatu akajijibu alivyotaka. Akaandika kwenye safu ya tano kwa herufi ndogo: Hutokea ng'ambo ya reli kila asubuhi. Haishi Linwood.

Hakuna neno la uongo hapo. Hilo ndilo alilojiambia alipokuwa akikunja fomu.

Msimamizi wa usafiri, Bwana Hutchins, alikuwa mtu mzito asiyeinua macho kwenye karatasi zake. Siku ile aliinua. Aliutazama mstari wa sita, kisha akamtazama Odessa.

"Una hakika?"

"Nimeandika ninachokiona."

"Miaka yote ulikuwa huoni."

Odessa alihisi uso unamchoma. Akauliza kama jina lake litatajwa popote. Hutchins alisema fomu hizi hazina majina ya madereva, zinabaki mezani kwake, na akaiweka chini ya rundo.

*

Siku kumi na mbili baadaye simu ilipigwa. Nafasi imepatikana, Jocelyn aanze Jumatatu. Royce, aliyekuwa haitaki Stanhope hata kuisikia, alirudi jioni na keki ya dukani iliyoandikwa jina la binti yake kwa sukari ya buluu. Jocelyn alilia. Akamkumbatia mama yake kwa nguvu mpaka miwani ya Odessa ikapinda, akasema atasoma, Mama, utaona. Odessa alicheka, akala keki. Ilikuwa tamu naye akaiona tamu. Hatia haimpati mtu siku ileile. Kwanza humwacha ashibe.

Jumatatu kituo cha Linwood hakikuwa na mtu. Odessa alisimamisha basi kama sheria inavyotaka, akafungua mlango, akaufunga. Jocelyn, aliyepanda na mama yake tangu yadini, alikuwa ameketi kiti cha nyuma yake, na Odessa hakutaka kumtazama kwenye kioo.

Jumapili yake, katika kanisa la Mlima Nebo, mchungaji alimwita Jocelyn mbele na kuutangazia umma kwamba binti wa bondeni ameingia Stanhope. Watu walisimama wakapiga makofi. Miongoni mwao alisimama Verlene Tubbs, mama yake Kezia, mwanamke mwembamba anayefua mashuka kwenye makao ya wazee na ambaye huimba sauti ya pili kwenye kwaya. Alipiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa. Odessa alimwona, akainamia kitabu cha nyimbo akitafuta wimbo ambao tayari alikuwa ameupata.

*

Wiki iliyofuata Sikukuu ya Shukrani ya Novemba, Verlene alikuja nyumbani kwao na pai ya viazi vitamu, bado ina joto, imefunikwa kwa taulo. Hakuwa mgeni wa mara kwa mara. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba, akamsifia Royce sukuma wiki alizokuwa akipika, akamuuliza Jocelyn habari za Stanhope. Jocelyn alisema ni nzuri, akaenda chumbani na kuuacha mlango wazi kidogo.

Kisha Verlene akasema lililomleta. Kezia amefukuzwa Stanhope. Mtu amepeleka habari kwamba haishi Linwood. Sasa yuko Dorsey, anatazama filamu. Lakini yeye, mama yake, amekata rufaa, na kikao ni Alhamisi.

"Nimewaambia anaishi kwa shangazi yake," alisema. "Wanataka shahidi. Mtu wa kuaminika, asiye ndugu. Nikafikiri, nani alikuwa akimwona mwanangu pale Linwood kila siku ya Mungu? Ni wewe, dada Odessa. Barua tu. Sema ulikuwa unampakia pale."

Royce alikuwa ameegemea friji. "Si kweli kwamba alikuwa akipandia pale?" akauliza. "Basi shida iko wapi? Mwandikie dada wa watu."

Odessa aliangalia ile pai. Alitafuta sababu ya kukataa asiione hata moja ambayo ingesemeka mbele ya watu. Akasema atamwandikia.

"Nilijua," Verlene alisema, akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na kigumu kwa sabuni ya kufulia. "Kuna watu mjini humu wana roho mbaya, dada. Mtoto wa mwenzio amekukosea nini? Anasoma tu."

"Watu wabaya," Odessa alisema. Alijisikia akilisema, na tangu siku ile hakuwahi kulisahau.

Barua aliiandika kesho yake, na ilimchukua saa nzima kwa mistari minne. Kwamba yeye, dereva wa miaka kumi na mmoja, alikuwa akimpakia Kezia Tubbs kituo cha Linwood kila asubuhi. Kwamba mtoto ana adabu. Hapa pia hapakuwa na uongo. Alijipa moyo: kwa ukweli mmoja amemtoa, kwa ukweli mwingine huenda akamrudisha, na Jocelyn akabaki alipo, na mambo yakasahaulika. Uchungu wa mwana aujua mzazi, na mzazi akishaujua wa kwake, hujidanganya kwamba wa mwenzake ni mdogo.

Lakini Jumatano jioni Verlene alimpigia simu kusema kwamba barua peke yake haitoshi, wanataka shahidi aje mwenyewe. Na je, dada Odessa angeweza kuwapa lifti, maana gari lake halijawaka tangu theluji ya kwanza?

*

Kikao kilifanyika kwenye chumba kidogo cha ofisi za bodi, chenye meza moja na jagi la maji lisilo na bilauri. Verlene alikuja na sare yake ya kazi, kwa kuwa aliruhusiwa saa mbili tu na zitakatwa kwenye mshahara. Kezia alivaa gauni la kanisani. Waliketi upande mmoja wa meza, Odessa katikati yao, kwa sababu Verlene alikiburuta kiti chake karibu na kusema, "Kaa hapa, nipate nguvu."

Ofisa alikuwa Bi Aldrich, mama wa makamo aliyezungumza polepole na kumpa kila mtu nafasi ya kumaliza. Odessa alikuja akitegemea mtu mkali wa kumchukia, akamkuta huyu. Bi Aldrich aliwauliza Verlene na Kezia maswali, akaandika majibu. Aliisoma barua ya Odessa kwa sauti mpaka mwisho, pamoja na ile sehemu ya adabu. Verlene aliitikia kwa kichwa kila sentensi kama aliye kwenye ibada.

Halafu Bi Aldrich akatoa karatasi nyingine kutoka kwenye faili, akaiweka kando ya barua.

"Bi Pettway, nisaidie," alisema. "Wewe ndiye dereva wa namba 41?"

"Ndimi."

"Basi lina madereva wawili?"

"Hapana. Ni mimi tu."

"Nina fomu hapa ya basi namba 41, ya Oktoba. Inasema mtoto huyu hutokea ng'ambo ya reli kila asubuhi, na kwamba haishi Linwood. Na hii barua ni yako pia. Sasa niamini ipi?"

Fomu haikuwa na jina la dereva. Kwa hilo la jina Hutchins alisema kweli. Ilikuwa na namba ya basi tu, juu kabisa, imepigwa chapa. Kwa miaka kumi na mmoja Odessa alikuwa ameizoea namba ile kiasi kwamba alisahau ndiyo jina lake.

Angeweza kukana. Angeweza kusema Hutchins ndiye aliyeijaza. Alifungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa kidogo.

"Zote," alisema. "Zote ni za kweli."

Verlene hakugeuka. Kiti chake kilikuwa karibu mno na cha Odessa, mabega yao yaligusana, na Odessa alihisi lile bega likiondoka polepole, inchi moja, kisha nyingine, mpaka pakawa na hewa katikati. Kezia alikuwa akimtazama. Hakuonekana kukasirika. Alikuwa na uso wa mtu anayehesabu kichwani.

Bi Aldrich alisema anasikitika. Rufaa imekataliwa, mtoto atabaki kwenye shule ya mtaa anaoishi. Odessa alimuuliza, kwa sauti ambayo hata mwenyewe hakuijua, kama mtoto mwingine akijitoa Stanhope kwa hiari, huyu hawezi kuingia mahali pake? Bi Aldrich alifikiri ni swali la wema tu. Alijibu kwamba hapana, nafasi huenda kwa anayefuata kwenye orodha, na Kezia hayuko kwenye orodha, na hawezi kuandikishwa mpaka mwaka ujao kwa sababu ya udanganyifu wa anwani.

Hapo ndipo Verlene alipogeuka akamtazama.

*

Nje kulikuwa na upepo wa theluji, na kutoka pale hakuna basi la mjini kabla ya saa kumi. Odessa alifungua milango ya gari akasimama. Alidhani watakwenda kwa miguu. Verlene alisimama kidogo, akatazama viatu vya kanisani vya mwanawe, akamwambia aingie. Yeye mwenyewe aliketi nyuma pamoja na Kezia, kiti cha mbele kikabaki wazi, na Odessa akawaendesha kama dereva wa kukodiwa.

Walivuka taa mbili.

"Ile Jumapili," Verlene alisema, "tulipompigia Jocelyn makofi. Barua yao ya kumfukuza Kezia ilikuwa kwenye mkoba wangu. Nikasema moyoni, Verlene, usiwe na kijicho, simama umshangilie mtoto wa mwenzio. Nikasimama."

Odessa alishika usukani kwa mikono miwili. Alisema, "Verlene, naomba unisamehe." Lilitoka kavu. Akasema tena, vilevile kavu.

"Kilichonishinda ni pai," Verlene alisema. "Umeila?"

"Tumeila."

"Yote?"

"Yote."

Verlene alitoa kicheko kifupi kisicho na furaha. Kezia alimshika mkono, akasema, "Mama, basi." Kisha mtoto akainama mbele kidogo, kama alivyozoea kufanya kwenye basi alipotaka kuuliza jambo.

"Bi Odessa, uliponisubiri zile asubuhi. Ulikuwa unanisubiri kwa wema, au ulikuwa unanihesabu?"

"Kwa wema," Odessa alisema. "Naapa kwa Mungu. Wakati ule ilikuwa kwa wema."

Kezia alirudi nyuma kwenye kiti.

Walipofika kwao, nyumba ya mbao yenye plastiki madirishani ya kuzuia baridi, Verlene alimtuma mtoto aingie ndani. Alibaki garini na mkono kwenye kitasa.

"Usithubutu kumtoa Jocelyn kule," alisema. "Nimekuona pale ulivyouliza. Unataka kumtoa ili ulale vizuri. Usilale. Mwache asome, yeye hajanikosea. Na usiogope, sitamwambia mtu. Nikisema wewe umefanya nini, nitaulizwa na mimi nilifanya nini, na shangazi wa mtoto ataingizwa, na yeye ni mzee." Alifungua mlango. "Lakini kanisani usinisalimie. Ukinisalimia nitakujibu, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na sitaki kukujibu."

*

Jocelyn alikuwa mezani jikoni, vitabu vimetawanyika. Royce alikuwa bado kazini. Odessa hakuvua koti. Njia nzima alikuwa amepiga moyo konde kwamba atasema, na kwamba ataanza kwa binti yake, kwa kuwa yote yalifanyika kwa jina lake. Aliketi. Akasema kuhusu safu ya tano, kuhusu mstari wa sita, na jinsi alivyoandika. Hakujitetea. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Oktoba kulisema jambo hili bila kuliwekea sababu pembeni.

Jocelyn hakuinua kichwa. Alikuwa akizungusha penseli kwenye ukingo wa kitabu cha hesabu.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Siku ya kwanza nilipewa hiki kitabu." Alifunua jalada akakigeuzia upande wa mama yake. Ndani kulikuwa na orodha ya majina ya waliokitumia, mwaka baada ya mwaka. La mwisho juu ya lake lilikuwa Kezia Tubbs, limekatwa kwa mstari mmoja wa rula. "Nikajua nimechukua nafasi yake. Halafu nikakumbuka asubuhi ile tulipopita Linwood: ulifungua mlango, hukungoja hata kidogo. Wengine wakichelewa unangoja. Yeye hukumngoja kwa sababu ulijua haji." Alifunga kitabu. "Na nani mwingine anajua alikokuwa akitokea?"

"Wiki zote hizi ulikuwa unajua? Mbona hukusema?"

"Nilikuwa naipenda shule."

Odessa alitaka kumwambia kwamba yeye ni mtoto, kwamba hana kosa, kwamba mzigo huu si wake. Lakini binti yule alikuwa amekaa nyuma ya kiti chake kila asubuhi, ameubeba, kimya, na hakuubeba vibaya. Ndicho kilichomtisha.

"Nikikuuliza kama unataka kurudi Dorsey?" alisema.

"Sitaki." Macho ya Jocelyn yalikuwa yamejaa machozi, lakini sauti haikutetemeka. "Unaniuliza kweli au unataka niseme ndiyo?"

Odessa alisema tu kwamba Baba akirudi watamwambia, wote wawili, leo hii.

"Hapana, Mama. Baba atanitoa. Unamjua. Atanitoa kesho asubuhi, na Kezia hatarudi, na mimi nitakuwa naangalia filamu. Itamsaidia nani?"

Mlango wa mbele ulifunguliwa kabla hajamjibu. Royce aliingia akipiga viatu chini kuondoa theluji, na kifurushi cha mbavu za nguruwe alizopewa kazini chini ya kwapa. Aliwaona wamekaa vile, koti la Odessa bado mwilini, macho ya binti yake mekundu. Akasimama.

"Mambo ya Verlene yamekwendaje?"

Odessa alivuta pumzi. Jocelyn alimtangulia.

"Wamekataa, Baba," alisema, na akamtazama baba yake usoni, sawasawa, bila kupepesa. "Mama alijitahidi."

Royce alitikisa kichwa. Aliweka nyama mezani, akazunguka nyuma ya kiti cha mkewe, akaweka mikono yake mikubwa yenye baridi mabegani mwake, akaanza kumvua koti taratibu kama anavyovuliwa mgonjwa.

"Wewe ulikwenda," alisema. "Wengine wasingekwenda. Verlene hatakusahau."

Jocelyn alikuwa tayari amefungua kitabu na kurudi kwenye hesabu zake. Odessa aliinua mikono, mmoja kisha mwingine, akamwachia mumewe alitoe lile koti.